Mtoto wa jicho: nani asubiri na nani asisubiri

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeuliza mambo mawili: mama mkwe wako, aliyeambiwa ana mtoto wa jicho macho yote mawili, je, asubiri aive ndipo apasuliwe? Na mbwa wenu anayechomwa sindano za insulini, ambaye macho yake yamekuwa meupe ndani ya wiki mbili, je, anaweza kungoja mpaka mama apone? Naanza na mbwa, maana yeye ndiye asiye na muda.

Mpelekeni kwa daktari wa mifugo wiki hii. Sukari ikizidi kwenye lenzi ya jicho la mbwa, hugeuzwa kuwa sobitoli, kitu cha jamii ya sukari, na sobitoli haitoki humo kirahisi. Inavuta maji, lenzi inavimba, inakuwa nyeupe kama maziwa: huo ndio mtoto wa jicho wake. Ndiyo maana mbwa wa kisukari huona vizuri mwezi huu, na mwezi ujao anagonga milango. (Paka mzima mwenye kisukari hapatwi na hali hii kwa urahisi, kwani lenzi yake haigeuzi sukari kwa kasi hiyo.) Lenzi iliyovimba huvujisha protini zake ndani ya jicho, na mwili huzishambulia kana kwamba ni kitu kigeni. Jicho linawaka, linakuwa jekundu, mbwa analifumba nusu na machozi yanatiririka. Uvimbe huo ukiachwa, njia za maji ya jicho huziba, presha ya jicho hupanda, na hapo upofu ni wa kudumu, tena wenye maumivu. Usitegemee kumsikia akilia. Mbwa mwenye presha ya jicho hulala kupita kawaida na hataki kuguswa kichwani.

Mwombeni daktari apime presha ya macho yote mawili. Kwa mbwa, kawaida ni kati ya milimita 10 na 25 za zebaki hivi. Ikiwa chini sana, jicho huenda lina uvimbe ndani. Ikiwa juu, glakoma imeanza, yaani presha inayoua mshipa wa kuona. Aanzishiwe matone ya kutuliza uvimbe, hata kama bado hamjaamua kuhusu upasuaji. Daktari akumbushwe kuhusu insulini, kwa sababu matone yenye steroidi huingia kwenye damu na yanaweza kuvuruga sukari. Kisha aandikiwe rufaa kwa daktari wa macho wa wanyama.

Huko atafanyiwa vipimo viwili ambavyo msikubali virukwe. Ultrasaundi huonyesha kama retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, iko mahali pake, na kipimo cha umeme wa retina huonyesha kama bado inafanya kazi. Nyuma ya lenzi nyeupe hakuna anayeona kitu kwa macho, na baadhi ya mbwa wana ugonjwa wa kurithi uliokwisha kuiua retina. Kuitoa lenzi mbele ya retina iliyokufa ni kumtesa bure. Upasuaji wenyewe ni kama wa binadamu, ila mbwa hulazwa kwa nusukaputi, na lenzi ya bandia anayowekewa ina nguvu ya dayopta 41 hivi (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Ya mtu huwa karibu na 21.

Kazi kubwa inakuja baadaye: matone mara kadhaa kwa siku kwa wiki nyingi, mengine pengine maisha yake yote, koni ya plastiki shingoni asikune jicho, na mkanda wa kifuani badala ya kola, kwa kuwa kamba ikikaza shingo, presha ya jicho hupanda. Kama hapo nyumbani hakuna mtu wa kutia matone kila siku bila kukosa, ushauri wangu ni msimpasue. Abaki na matone machache ya kutuliza uvimbe na apimwe presha mara kwa mara. Mbwa kipofu asiye na maumivu huishi vizuri kwa pua na masikio, mradi msihamishe viti na bakuli lake.

Sasa mama mkwe. Habari ya kungoja aive ilikuwa na maana zamani, lenzi ilipotolewa nzima kupitia tundu kubwa lililoshonwa nyuzi, na mgonjwa akabaki na miwani minene. Lenzi ya bandia ya kwanza iliwekwa na Harold Ridley jijini London mwaka 1949, na njia ya kuivunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti ilianzishwa na Charles Kelman mwaka 1967. Leo tundu ni la milimita 2 hadi 3, mara nyingi halishonwi. Lenzi iliyokomaa sana sasa ni tatizo: ni ngumu, inahitaji nguvu nyingi zaidi ndani ya jicho, na pengine tundu la milimita 6 au 7. Ikiachwa hata ianze kuvuja au kuvimba, inaweza kuleta presha ya jicho ya ghafla kama ya mbwa.

Hata hivyo hahitaji kukimbizwa. Kwa mtu mzima mtoto wa jicho hukua kwa miaka, na kuchelewa miezi michache kwa kawaida hakuharibu jicho. Mwulizeni anachoshindwa kufanya: kusoma, kuteremka ngazi, kutambua nyuso, kuvumilia taa za magari usiku. Kama miwani mipya na taa yenye mwanga zaidi vinamtosha, angoje. Kama vimeshindwa, wakati umefika, hata kama mboni yake haionekani nyeupe. Akikwambia ameanza kusoma bila miwani, msifurahi mapema: kiini cha lenzi kikiwa kigumu huleta uoni hafifu wa mbali, na karibu kunakuwa safi kwa muda tu. Hakuna tone la kuyeyusha mtoto wa jicho, wala asali haiwezi. Na asikubali kamwe mtu amchome jicho kwa sindano ili kuisukuma lenzi nyuma. Wengi hupofuka kwa njia hiyo.

Kabla ya upasuaji hupimwa urefu wa jicho na mkunjo wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ili kuchagua nguvu ya lenzi. Kosa la milimita 1 katika urefu huleta kosa la dayopta karibu 3. Lenzi za kubandika nazo hubadilisha mkunjo wa konea, kwa hiyo kama anazivaa aulize aache siku ngapi kabla ya kipimo. Amweleze daktari dawa zote. Kuna moja inayosahaulika sana: tamsulosini, inayotumiwa zaidi na wanaume wenye tezi dume lakini wanawake pia huandikiwa, hulegeza kitambaa cha rangi cha jicho na kumsumbua mpasuaji, hata kama iliachwa zamani. Dawa za kuyeyusha damu asiziache mwenyewe.

Lenzi ya kawaida huona vizuri umbali mmoja. Hapo ndipo watu wengi hujuta, kwa sababu hawakuulizwa. Aliyezoea maisha yake yote kuvua miwani na kusoma, akiwekewa lenzi ya mbali, ataupoteza uwezo huo. Lenzi za umbali zaidi ya mmoja hupunguza miwani, lakini huleta duara za mwanga kwenye taa za usiku. Mwenye ugonjwa wa retina simshauri azichukue.

Siku yenyewe, jicho hutiwa ganzi kwa matone au sindano ya pembeni, na kazi huchukua dakika 15 hadi 30. Kwa kawaida hufanywa jicho moja kwanza. Baada yake: matone kwa wiki 4 hivi, dakika 5 kati ya tone la dawa moja na jingine, kikinga jicho usiku kwa wiki ya kwanza, asisugue jicho, asiogelee mpaka aruhusiwe. Miwani mipya ingoje wiki 4 hadi 6.

Kukwaruza kidogo ni kawaida. Lakini maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi na uoni unaoshuka, hasa ndani ya wiki ya kwanza, ni dalili ya vijidudu ndani ya jicho: arudi hospitali siku hiyohiyo, hata iwe usiku. Vivyo hivyo akiona mimweko au kivuli kama pazia. Miezi au miaka baadaye ukungu ukirudi, si mtoto wa jicho mpya. Ni ngozi nyembamba ya nyuma ya lenzi iliyopata ukungu, na leza huitoboa kwa dakika chache.

Nijulishe presha ya macho ya mbwa mara itakapopimwa, na umsalimie sana mzazi mwenzangu.

Mama yako