Maswali ya Wasomaji: Wimbo wa Tisa na Kodi ya Nyumba Nashville

SWALI: Shikamoo mhariri. Marehemu baba aliniachia santuri za waimbaji wa kantri, muziki wa kijijini wa Marekani: Jim Reeves, Don Williams na Dolly Parton, nami nimekua nikiamini kwamba Nashville, huko Tennessee, ni mji mdogo wa mashamba na farasi. Juzi nimeona picha zake: maghorofa ya vioo, winchi za ujenzi na foleni za magari. Nyimbo hizi za kijijini hutungwa wapi hasa? Na ni kweli kwamba mji huo sasa unawafukuza wanamuziki wake? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba. Nyimbo hizo huimba shamba, lakini kwa sehemu kubwa zimetungwa ofisini. Katikati ya miaka ya 1950 ndugu wawili, Owen na Harold Bradley, walinunua nyumba ya kuishi katika mtaa wa 16th Avenue South, wakaigeuza studio, na uani wakaongeza banda la mabati la mtindo wa kijeshi. Kampuni za santuri na wachapishaji wa muziki, yaani kampuni zinazosimamia haki za nyimbo, wakafuata, na mtaa uliokuwa wa familia ukawa mtaa wa kazi unaojulikana kama Music Row. Mtunzi mwenye mkataba huko huanza kazi saa nne au saa tano asubuhi, hukaa na mwenzake mmoja au wawili katika chumba chenye kochi, gitaa na kahawa, na hutarajiwa kuwa na wimbo kabla ya jioni. Wengi wao walitoka kijijini kweli. Dolly Parton alitoka milima ya mashariki mwa Tennessee na kuhamia Nashville mwaka 1964, siku moja tu baada ya kumaliza sekondari, na kijiji alichokiimba ni kile alichokuwa amekiacha nyuma, kama wanavyokiimba wahamiaji wa mijini popote. Hata sauti laini ya Jim Reeves uliyoirithi ilizungushiwa waitikiaji na fidla nyororo kwa makusudi, ili imvute msikilizaji wa mjini ambaye asingeukubali muziki wa fidla kali ya shambani.

Swali lako la pili linahitaji tuzungumze fedha. Albamu ilikuwa na faida moja ambayo msikilizaji hakuiona. Sheria ya Marekani humpa mtunzi malipo kwa kila nakala ya wimbo wake inayouzwa, na kuanzia mwaka 2006 hadi 2022 kiwango hicho kilikuwa senti 9.1 kwa wimbo usiozidi dakika tano. Wimbo uliovuma ulipata nyongeza yake kutoka redioni, lakini kwa upande wa nakala zilizouzwa, wimbo wa tisa katika albamu, ambao hakuna mtangazaji aliyewahi kuupiga, ulilipwa sawasawa na ule wa kwanza. Albamu ikiuza nakala milioni moja, wimbo huo uliojificha ulizaa dola 91,000 kwa kiwango hicho cha kisheria, zikagawanywa baina ya watunzi na mchapishaji wao. Hizo si fedha za kununulia jumba la kifahari, lakini zilimwezesha mtu ambaye jina lake hulioni popote isipokuwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada kulipa kodi ya nyumba, kusomesha watoto na kurudi tena Music Row Jumatatu asubuhi.

Watu walipoacha kununua albamu na kuanza kuchagua nyimbo moja moja kwenye intaneti, wimbo wa tisa ulikosa mlipaji, kwa kuwa huko kila wimbo hulipwa kwa kadiri unavyosikilizwa. Watunzi wenye mikataba ya kudumu wamepungua sana tangu mwaka 2000. Katika miaka hiyo hiyo ardhi ya Nashville ilipanda bei, nyumba ndogo za zamani zikabomolewa, na mahali pa moja zikasimamishwa mbili, ndefu na nyembamba, zilizobanana katika kiwanja kimoja. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaowatupia lawama zote wajenzi na watalii. Kodi imepanda katika miji mingi. Lililo la pekee kwa Nashville ni kwamba ilipanda wakati ule ule ambapo chanzo cha kuilipa kilikuwa kinakauka, na walioumia zaidi si nyota, wala si kijana anayefika leo na gitaa lake, bali ni mtunzi wa daraja la kati mwenye umri wa miaka arobaini na familia.

SWALI: Assalaam alaykum. Nimesikia kwamba baa za mtaa wa Broadway huko Nashville zina bendi tangu asubuhi hadi usiku wa manane na hujaa kila siku. Mbona basi wanamuziki walalamike? – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Waalaykum salaam. Baa nyingi za hapo hazitozi kiingilio. Bendi hupiga kwa zamu, mara nyingi ya saa nne mfululizo, na sehemu kubwa ya pato ni bahshishi inayokusanywa katika ndoo inayozungushwa mezani. Mgeni aliyekuja kusherehekea na rafiki zake kabla ya harusi hulipia wimbo anaoujua, si wimbo ambao mpigaji aliutunga wiki iliyopita; hivyo mtaa huo huajiri mikono mingi mizuri na kuzima tungo nyingi mpya. Anayetaka kusikia tungo huenda Bluebird Cafe, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1982 katika safu ya maduka ya kawaida, wenye viti visivyofika mia moja. Watunzi hukaa katikati ya chumba wakielekeana, wanapokezana nyimbo, na mteja anayepiga soga huombwa anyamaze. Kwangu mimi, huo ndio ustaarabu.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, salamu. Mimi ni Mkongo ninayeishi Nashville tangu mwaka 2016 na ninafanya kazi ghalani. Kofia na buti za Broadway hazinihusu. Ipo albamu itakayonieleza mji huu ninaoishi mimi? – Msomaji, Nashville

JIBU: Salamu nawe, ndugu. Anza na "Traveller" ya Chris Stapleton ya mwaka 2015. Mwimbaji huyo alifika hapo kutoka Kentucky mwaka 2001, akawatungia wengine kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kutoa albamu yake mwenyewe, na sehemu kubwa aliirekodi katika Studio A ya kampuni ya santuri ya RCA, jengo ambalo mwaka 2014 lilinusurika kubomolewa baada ya mwanamuziki Ben Folds, aliyekuwa mpangaji wake, kupaza sauti hadharani, na wafadhili kulinunua. Kisha sikiliza "Red Headed Stranger" ya Willie Nelson, ya mwaka 1975, ambayo ni albamu ya mtu aliyechoshwa na utaratibu wa Music Row: aliirekodi Texas kwa ala chache sana, na wakubwa wa kampuni yake wakadhani ni rekodi ya majaribio tu.

Lakini iliyo karibu zaidi na swali lako si albamu ya kantri. Mwaka 2004 makumbusho ya Country Music Hall of Fame yalitoa "Night Train to Nashville", mkusanyiko wa muziki wa rhythm and blues uliorekodiwa mjini humo baina ya mwaka 1945 na 1970, ambao ulipata tuzo ya Grammy kama albamu bora ya kihistoria. Ni muziki wa Wamarekani weusi waliojaza kumbi za Jefferson Street, kaskazini mwa mji, ambako Jimi Hendrix alipiga gitaa kabla dunia haijamjua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 barabara kuu ya Interstate 40 ilipitishwa katikati ya eneo hilo, nyumba na biashara zikavunjwa, na kumbi nyingi hazikurudi. Ukitoka kazini kwa njia hiyo, unaendesha gari juu ya viwanja vyao.