Mwenye usingizi wa pono anaweza kujijua ndotoni?

Swali: Asalaam aleikum daktari. Mie kijana wa Chake Chake, nna miaka 22, nauza duka. Usingizi wangu mzito mno, alamu ya simu inalia mpaka jirani anagonga ukuta mie sisikii, alfajiri mama ananimwagia maji ndo naamka. Nimesikia kuna watu wanaota huku wanajua kama wanaota na wanafanya wanachotaka mule ndani, nikajaribu, lakini mie hata ndoto yenyewe siikumbuki. Duka nafunga saa nne, nachezea simu, nalala saa saba. Au mie sioti kabisa? Na dawa ipo?

Jibu: Waaleikum salaam mwanangu. Unaota, hilo lisikutie wasiwasi, na jambo unalolisikia ni kweli lipo. 1975 huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alimrekodi mtu aitwaye Alan Worsley akiwa usingizini kabisa, anapeleka macho kushoto na kulia kama walivopatana kabla hajalala, yaani mtu yuko ndotoni na anatoa ishara kwa walio macho. Kwa iyo si hadithi za kijiweni.

Tabu yako mie naiona kwenye saa. Kila dakika 90 hivi ubongo unatoka usingizi mwepesi, unazama ule mzito, halafu unaingia usingizi wa macho kuchezacheza chini ya kope, na huko ndo ziliko ndoto ndefu zenye mkasa. Ila mgao hauko sawa, mwanzo wa usiku unatawala usingizi mzito, ndoto zinarefuka huku mwishoni kunakokucha. Sasa we unalala saa saba, saa kumi na moja mama kashafika na kopo lake, ni masaa manne tu hayo, na mwili unaodai usingizi unajilipa ule mzito kwanza, wa ndoto unabaki kiporo. Hata mbinu uwe nazo mia, kama hujalala hapana ndoto ya kuikamata. Funga duka saa nne, weka simu mbali, saa nne u nusu uwe umeshalala. Najua hili ndo gumu kuliko yote nnayokwambia, lakini bila ya hili mengine yote kazi bure.

Halafu maji. Kuna kemikali ya ubongo inaitwa noradrenalini, inashuka sana wakati wa ndoto na hiyo ni sababu moja inayotajwa ya ndoto kutoshika kwenye kumbukumbu, ukiamka ndoto inakaa kichwani dakika chache tu. Ukikurupuka unapangusa uso, akili yote imehamia kwenye maji, ndoto ishakwenda zake. Muombe mama kwa adabu akushike bega akuite jina lako, arudie taratibu mpaka uitike. Tangu 1960 ilipimwa ikaonekana ubongo wa aliyelala unalishtukia jina lake mwenyewe kuliko jina la mtu mwengine, na kelele ya alamu unayoisikia kila siku ubongo unaizoea ukaipuuza. Kama una saa ya mkononi yenye vaibresheni, vaa ulale nayo, mtetemo kwenye mkono ni bora kuliko simu iliyo mezani.

Ukishaitika usijigeuze. Macho yafumbe, kaa vilevile ulivolala, jiulize "nilikuwa wapi, na nani?" Ikija hata kipande, mathalan umeona gati ya Mkoani na mtu kashika kapu, kianzie hapo uvute nyuma, kabla ya gati ulikuwa wapi. Kisha jirikodi voisi palepale gizani, maneno mawili matatu yanatosha. Hukukumbuka kitu, sema ulivojisikia, hofu au furaha, usiache siku ipite kavu. Baada ya wiki chache wengi zinaanza kuwajia.

Kujijua ndotoni sasa, na hapa we una bahati ambayo wenye usingizi mwepesi hawana. Ukishasali alfajiri usirudi kitandani hapohapo, kaa macho kama nusu saa, sikiliza voisi zako, halafu lala tena mpaka karibu na saa moja. Ndo maana Ramadhani mtu akila daku, akasali, akarudi kulala anaota mindoto mirefu. Unapolala jiambie "nikiota tena ntajua kama naota", huku unaifikiria ndoto yako ya mwisho na unajiona mule ndani umeshtuka, "kumbe ndoto hii!" Njia hii ni ya mtafiti wa ndoto Stephen LaBerge, wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, na kwenye utafiti uliotoka Australia 2017 waliowahi kulala ndani ya dakika tano baada ya kujiambia hivo walifaulu mara nyingi zaidi kuliko waliobaki wanagaragara. We dakika tano nyingi kwako, ndo bahati yako hiyo.

Mchana nao jizoeshe kuziba pua kwa vidole ujaribu kuvuta pumzi. Ndotoni mara nyingi pumzi inapita, hapo ushajua.

Kurudia kulala namna hii kunaweza kukuletea jinamizi, umeamka mwili haukutii na unahisi mtu chumbani. Ni mwili bado umefungwa na usingizi wa ndoto, vuta pumzi taratibu, linapita lenyewe. Likikuandama kila siku, acha.

Dawa sikupi. Ipo galantamini iliyojaribiwa kwa kazi hii, matokeo yapo, lakini ni dawa ya wagonjwa wa kusahau, inagusa moyo na tumbo, si ya kununua kaunta ukajaribu. Na kama unatumia pritoni kila usiku ya mafua, au bangi, ujue bangi inaupunguza usingizi wa ndoto na pritoni inazidisha uzito wa usingizi.

Kabla ya yote haya muulize mama kama unakoroma kwa nguvu, halafu kimya, halafu unashtuka kama mtu aliyepaliwa. Na wewe jitazame, kama hata ukilala masaa manane mchana unasinzia juu ya kaunta au kwenye bodaboda, basi ndoto zisubiri, nenda hospitali kwanza wakuangalie pumzi yako usingizini.