Namba ya NIDA chuoni: nani aione, nani asiione

SWALI: CR wetu (kiongozi wa darasa) alizungusha daftari darasani, kila mtu aandike jina, simu na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), eti ni za barua za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Kesho yake picha ya ukurasa ule ikawekwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Ni sawa?
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Mkolani

JIBU: Si sawa, na kosa lilianza kabla ya picha. Barua ya fildi inataka jina, kozi na namba yako ya usajili chuoni. NIDA haina kazi humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa awe na lengo halali, na asichukue kuzidi lengo hilo. Panapohitajika kweli, kama kwenye maombi ya mkopo, unaijaza mwenyewe kwenye akaunti yako.

Itazame namba yenyewe. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: 20050314 ni Machi 14, 2005. Kwa hiyo ukurasa mmoja umegawa jina, simu na siku ya kuzaliwa ya darasa zima. Msimu wa bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) tapeli akikupigia akakutajia yote hayo bila kukosea, utaamini ni mtu wa mkopo, na utamsomea namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako dakika hiyo hiyo. Hapo ndipo watu wanapoibiwa.

Aliyetuma picha aifute kwa wote leo hii, ingawa waliokwisha kuipakua wanayo. Ukurasa wa daftari uchanwe vipande vidogo. Mwandikie barua mshauri wa wanafunzi, ubaki na nakala. Kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Usiyoitambua, ipeleke kwa kampuni ya simu ifungwe. Chuo kikikuzungusha, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko.

SWALI: Ofisini tunatunza NIDA za wanafunzi kwenye Excel. Mtaalamu wetu anasema akizipitisha kwenye heshi zitakuwa salama. Inatosha?
Karani wa udahili, Ilemela

JIBU: Haitoshi. Heshi husaga maandishi yasirudi yalivyokuwa, na inalifaa nenosiri refu lisilobashirika. NIDA inabashirika. Mwenye kujua siku ya kuzaliwa ana tarakimu nane mkononi. Tano zinazofuata zinahusu eneo, nalo hubashirika. Zinabaki saba, yaani michanganyiko milioni 10, na kompyuta ya mezani huimaliza kwa sekunde chache. Zisimbwe kwa ufunguo, yaani zigeuzwe maandishi yasiyosomeka bila ufunguo wa siri, na ufunguo huo usikae kwenye mashine yenye kanzidata wala kwenye nakala rudufu.

Ila hofu yetu kubwa ni hilo faili la Excel. Leo liko kwako, kesho liko kwenye flashi ya mhasibu, keshokutwa kwenye barua pepe ya mkuu wa idara, na hakuna anayejua nakala ni ngapi. Orodha za kila siku zitumie namba ya usajili ya chuo. NIDA zikae kwenye jedwali lake, lifunguliwe na watu wawili watatu, na mfumo uandike nani kafungua na saa ngapi. Kwenye kioo zionekane nne za mwisho tu. Ukionyesha za mwanzo umetoa tarehe ya kuzaliwa.

SWALI: Mwanangu aliombewa mkopo steshenari, kitambulisho kikaskaniwa huko. Nifanyeje?
Mama, Sengerema

JIBU: Mama, mwanao arudi pale mwenyewe, asimame pembeni ya kompyuta, skani ifutwe na pipa la taka la kompyuta limwagwe. Kisha, kwa simu yake, abadilishe nenosiri la barua pepe kwanza, halafu la akaunti ya mkopo. Aangalie pia namba ya simu ya kurejesha nenosiri, kwa sababu mhudumu akiwa na haraka huweka ya kwake. Ikibaki hiyo, nenosiri jipya halizuii kitu: mwenye namba hiyo atalibadilisha tena.