Wadogo zangu wa wodini, kunyweni maji

Jana nimemkuta mdogo wangu mmoja akitoka eneo jekundu, kule wanakolazwa wagonjwa wa kuambukiza, barakoa ya N95 imemchora pua mpaka imevimba, anajisifu kwamba tangu aingie zamu hajanywa hata tone ili asivue gauni la kinga. Wenzake wanamshangilia! Nilitaka nimzabe kibao.

1. Kula, kunywa na kwenda msalani ni kabla ya kuvaa.

2. Kuvua kuna mpangilio wake. Glavu na gauni kwanza, barakoa mwisho ukishatoka chumbani, mikono ikitakaswa katikati. Uchovu huanza kuiba hatua hapo hapo.

3. Chati ya dawa. Hapa mniwie radhi, nitakawia. Ilikuwa 2020, ule ule mwaka ambao WHO iliutenga kwa ajili ya wauguzi na wakunga. Usiku wangu wa nne mfululizo. Tulimgeuza mgonjwa wa kitanda cha sita kifudifudi, watu watano, mgongo ukaniwaka moto. Nikamchoma heparini yake, dawa ya kuzuia damu kuganda. Chati iko nje, nikasema nitasaini nikitoka. Sikusaini. Baadaye nikaona kisanduku cha sahihi kitupu, nikamchoma tena. Natupa bomba la sindano ndipo nikakumbuka.

Kosa hilo la uchovu. Lililofuata langu kabisa: nilinyamaza karibu saa nzima. Kila nikipita namulika mfuko wa mkojo kutafuta damu, huku natabasamu ndani ya barakoa, sijui namtabasamia nani. Nilipomwambia sista wa zamu hakufoka. Aliuliza tu, “Saa ngapi?” Akampigia daktari, damu ikachukuliwa kupima inavyoganda, dozi iliyofuata ikasitishwa. Mgonjwa hakuvuja damu. Mimi ndiye niliyetapika kwenye sinki, sista akaniuliza nimekunywa maji lini. Sikukumbuka.

4. Kulia chooni ruksa. Ukilia kila zamu, au usingizi ukikukimbia hata siku ya mapumziko, au ukianza kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda, tafuta mtu umwambie. (Ndiyo, nimeandika “kitanda cha sita”. Jina lake ninalo, silitaji.)

5. Kwenye makabidhiano taja na hali yako: “Nimechoka, nihakikie dawa.” Nani atakucheka? Akikucheka, mlete kwangu.

Yule wa jana nilimpa chupa yangu. Akaimaliza amesimama, akaomba nyingine.