Shangazi, sare ya harusi hainitoshi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nakaa Majengo, Mombasa, watoto wawili. Tangu nijifungue wa pili nimefika kilo 91. Mume wangu asema nimejiachilia. Wifi yangu kaniita tipwatipwa mbele ya wageni, kisha sare yangu ya harusi kaishonesha ndogo makusudi, ati inipe bidii. Mamangu asema nisile usiku, jirani kaniletea chai ya kukata tumbo, mwenzangu wa kazini anasisitiza ndimu na maji moto. Yote nimejaribu. Siku nne naweza, ya tano nafungua friji wenzangu wamelala, nakula nimesimama, taa sijawasha. Siku hizi hata maji yakikatika, nikipandisha mtungi orofa ya tatu napumzika mara mbili njiani. Moyo wa kuanza nisiache nitautoa wapi? Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako nikihesabu watu: mume, wifi, mama, jirani, mwenzio wa kazini. Watano, na kila mmoja ana lake juu ya mwili wako. Lako wewe ni moja tu, nalo umelichomeka mwishoni kama halina uzito: mtungi.

Sare huvaliwa siku moja, na bidii yake huisha siku hiyohiyo. Mtungi utaupandisha mwakani na mwaka wa pili yake, maji ya mji huu si unayajua. Basi mizani ya kila asubuhi iweke uvunguni. Shabaha yako iwe kufika juu ukipumzika mara moja, halafu bila kupumzika kabisa. Wifi hatalijua hilo, na ndiyo raha yake.

Kuhusu friji, wala usijiite mlafi. Mtu akishinda njaa mchana na kusimangwa jioni, usiku mwili hudai deni lake. Kaa mkekani na wanao, ule: wali kiasi, samaki, mchicha wa kutosha. Mama nisamehe, lakini kulala na njaa ndiko kunakokuamsha. Hiyo chai mrudishie jirani kwa adabu. Nyingi za aina hiyo ni za kuharisha, na kinachotoka ni maji, si mafuta. Ndimu nami nilizinywa zamani mwezi mzima, nikaambulia kiungulia.

Ningekuwa wewe ningeanza na sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na bora zaidi 25, yaani vijiko sita vya chai. Vikombe vitatu vya chai, vijiko vitatu kila kimoja, umeshapita na soda hujafungua. Mahamri usiyaache, utayaota. Kula mawili na mbaazi zako, manne yapungue taratibu.

Kisha utembee nusu saa, siku tano kwa wiki. Ukiweza kufika bustani ya Mama Ngina, kule kando ya bahari, baada ya alfajiri, pita chini ya mibuyu, raba miguuni, baibui juu. Hakuna atakayekushangaa.

Kabla ya hayo, pita zahanati upimwe presha na sukari. Na kama unatumia sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, mwulize muuguzi, kwani kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito. Usiiache kimyakimya, utaniandikia barua nyingine ya mtoto wa tatu. Ukipungua asilimia 5 tu, kwako ni kilo nne na nusu, presha na sukari huwa zimeshapata nafuu. Kilo nne na nusu zitachukua miezi, zipe miezi yake.

Mumeo mwambie mkiwa wawili, mmetulia: "Ukinisema mchana, usiku nakula zaidi. Nishikie watoto nusu saa nikatembee." Ombi la nusu saa analiweza, la kukupa moyo huenda hajui pa kuanzia. Wifi akikuita tena lile jina, mjibu hivi tu: "Mwili wangu nimeshausikia, wifi, tupe habari za bibi harusi."

Na sare, ipeleke kwa fundi kesho. Mafundi huacha kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni. Akufumulie, akupanulie, uende harusini ukacheze.