Jibu: Senti 9.5 ya Texas imegeukaje kuwa senti 17?

Mkuu, umeuliza kama kampuni yako ya umeme hapo Houston imekupiga, maana ulijiunga kwa senti 9.5 kwa uniti na bili ya Aprili imekuja kwa senti 17. Kisheria hujapigwa. Ila mpango wenyewe umetengenezwa hivyo makusudi, na hiyo michezo naijua tangu nikiwa Dallas, kabla sijahamia hapo hapo Houston.

Tafuta ile karatasi inayoitwa Electricity Facts Label. Kila mpango ni lazima uwe nayo. Ina bei tatu: ya uniti 500, ya 1,000 na ya 2,000. Tangazo hukuonyesha ile inayopendeza tu. Kwa maelezo yako, unalipa senti 17 kwa uniti, gharama za nyaya zikiwa humo humo, halafu unapunguziwa dola 75 ukifikisha uniti 1,000. Sasa piga hesabu. Uniti 1,000 ni dola 170, toa 75, zinabaki 95. Ndiyo hiyo 9.5 yako. Ukitumia 990 unalipa dola 168.30! Yaani kwa kubana uniti kumi umeongezewa zaidi ya dola 73. Agosti AC ikikufikisha 2,000, unalipa 265, zaidi ya senti 13 kwa uniti. Aprili, AC imepumzika, nyumba ya vyumba viwili itafikaje 1,000?

Wengi wetu tumekulia kwenye TANESCO mmoja nchi nzima, kwa hiyo tunadhani ukibadili kampuni unabadili na umeme. Hapana. Nyaya na mita za Houston ni za CenterPoint, za Dallas ni Oncor, hata ukimlipa nani. Umeme ukikatika unampigia mwenye nyaya. Hawa wauzaji walioruhusiwa kushindana tangu Januari 2002 wanashindana kwenye bei, mikataba na matangazo basi. Austin na San Antonio umeme bado ni wa jiji, hakuna kuchagua, na wanaoishi huko sijawasikia wakilia kwa hilo.

Usidanganyike pia na wanaokwambia "nenda na bei ya soko". Februari 2021, ile baridi kali, bei ya jumla ilipigwa hadi kikomo cha dola 9 kwa uniti. Dola, siyo senti. Wateja wa Griddy, waliokuwa wakilipa 9.99 kwa mwezi ili wauziwe kwa bei ya jumla, wakaletewa bili za maelfu. Kampuni ikafilisika, na mwaka huo huo jimbo likapiga marufuku mipango ya aina hiyo kwa wateja wa majumbani.

Mimi nachukua matumizi yangu ya mwaka mzima kwenye Smart Meter Texas (bure, mita inasoma kila dakika 15), kisha naingia Power to Choose, tovuti ya serikali ya jimbo, nazidisha mwezi kwa mwezi. Mipango yenye punguzo la uniti 1,000 naitupa kwanza. Ile ya "usiku bure" nayo itazame mara mbili, kwa sababu wanafidia kwenye bei ya mchana. Jirani yangu anafanya shifti ya usiku hospitalini, akauchukua kwa furaha. Usiku hayupo nyumbani, mchana analala na AC.

Kuhusu kuhama sasa hivi: angalia faini ya kuvunja mkataba, ulinganishe na utakachookoa kwa miezi iliyobaki. Kama unahama nyumba, ukionyesha uthibitisho wa anwani mpya hawakutozi faini. Zikibaki siku 14 au pungufu mkataba uishe, unaondoka bure. Weka alamu kwenye simu, maana ukilala mkataba ukapita wanakuhamishia bei ya mwezi hadi mwezi, na hiyo wanaweza kuipandisha. Mkataba unaoisha Julai au Agosti mimi siusaini, maana unatafuta mpya wakati kila mtu anatafuta.

Tuma hapa picha ya hiyo karatasi pamoja na uniti zako za miezi 12, jina na namba ya mita uzifiche, nikupigie hesabu.