Maswali ya Wasomaji: P.92 Juu ya Meza

SWALI: Tunacheza mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, vita vya anga vya Uingereza, mwaka 1941. Nimewapa wachezaji Boulton Paul P.92, ile ndege iliyoishia kwenye michoro. Mizinga minne inamaliza kila adui, na rubani analalamika kuwa amegeuzwa dereva. Nirekebishe wapi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Nguvu ya mizinga iache ilivyo, hesabu risasi. P.92 ilibuniwa kwa agizo la F.11/37 la Wizara ya Anga: injini mbili, na mizinga minne ya Hispano ya milimita 20 ndani ya kuba pana linalozunguka mgongoni. Hispano hufyatua risasi kama 10 kwa sekunde. Westland Whirlwind, ndege ya kivita ya Uingereza iliyokuwa na mizinga minne ya aina hiyo, ilibeba risasi 60 kwa kila mzinga, nawe azima hesabu hiyo. Zamu ikiwa ni sekunde 2, kuna zamu 3 tu za kufyatua. Chora visanduku 3 kwenye karatasi ya ndege, kifutwe kimoja kila mpiga mzinga anapofyatua, apate au akose.

Atakuuliza kama anaweza kubadilisha kasha la risasi angani. Kwenye Beaufighter za mwanzo, ndege za kivita za watu wawili, mtu wa nyuma alibadilisha makasha kwa mikono, kila moja kilo 27 hivi. Ukikubali, mtoze zamu 2 kwa kila mzinga, na rubani asikate kona wakati huo.

Sasa rubani. Yeye atangulie kutaja mwendo wa ndege, kisha mpiga mzinga arushe dadu 2 za pande sita, akitafuta 8 au zaidi. Hiyo ni nafasi 15 kati ya 36. Rubani akikata kona kali, toa 2 kwenye jumla, na nafasi zinabaki 6. Wachezaji wengi hukosea hapa: wanairusha kama Spitfire, ndege ya kivita ya mtu mmoja, kisha wanashangaa hakuna kinachogongwa. Ndege za kuba zilikusudiwa kwenda sambamba na ndege za mabomu, au chini yake kidogo, na kufyatua kwa utulivu. Usimpe rubani bunduki ya mbele hata akikubembeleza. Akishaipata, mpiga mzinga anageuka abiria.

Adui naye awe na akili. Kuba la mgongoni halioni chini ya tumbo, kwa hiyo adui anayetokea huko asifyatuliwe kabisa mpaka rubani ainamishe bawa, nayo ni zamu nzima. Tarehe 19 Julai 1940 Bf 109, ndege za kivita za Kijerumani, zilikuta Defiant 9 za Kikosi cha 141, ndege za kuba zisizo na bunduki ya mbele, na zaidi ya nusu zikapotea.

SWALI: Injini nizipe ubovu gani? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Iliyopangwa ni Rolls-Royce Vulture, silinda 24 kwa umbo la X, konrodi nne zikishika pini moja ya krankshafti. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa: ulainishaji hafifu na boliti za konrodi kukatika, kama marubani wa ndege ya mabomu ya Avro Manchester walivyoonja. Rubani akitumia nguvu zote zaidi ya zamu 3 mfululizo, arushe dadu 2 kila zamu inayofuata. Ikitoka 2 au 3, injini moja imekufa: hakuna kupanda tena, na kona kali ni kuelekea upande wake tu. Ukiweka Napier Sabre ya 1941, usifute kanuni hiyo; nayo ilisumbua, kwa vali zake zenye umbo la mkono wa shati (sleeve valves).

SWALI: Kimodeli chake nitakipata wapi? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Tengeneza. Mabawa yalikuwa mita 20 hivi, kwa hiyo katika skeli ya 1/300 kata sentimita 6.7. Kuna njia ya mkato inayotupendeza: mradi ulifutwa Mei 1940, viwanda vilipoelekezwa kwenye aina 5 za ndege zilizokwisha kuthibitishwa, lakini kielelezo cha nusu kipimo, P.92/2, kiliruka mwaka 1941 kwa injini mbili ndogo za Gipsy Major. Hicho katika skeli ya 1/144 kinatoa karibu ukubwa uleule. Ondoa magurudumu, maana ya kielelezo hayakukunjwa, na unenepeshe vifuniko vya injini kwa putini kabla ya kupaka rangi.